Moshi wa Kinu cha Bellevue

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka minane. Ndipo shida ilipoanza. Baba alitoka asubuhi kwenda kazini kwenye reli, hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyenionyesha alikozikwa. Darasa la pili sikulimaliza. Mama alinishika mkono akanipeleka kwa mzee mwenye mashine ya kusaga, katika mji wetu wa kando ya ziwa ambao leo unaitwa Kalemie, akamwambia, "Huyu anakula kidogo na anasikia vizuri." Yote mawili yalikuwa kweli.

Injini nilijifunza kwa sikio. Mzee yule alikuwa na kijiti cha chuma. Ncha moja anaiweka kwenye injini, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha anafumba macho. Ikigonga hivi, nozeli imechoka. Ikiguna hivi, mkanda umekazwa mno. Na somo lake kubwa lilikuwa moja tu: injini ikizidiwa na kazi, ilishe. Fungua skrubu ya mafuta kidogo, itainuka. Somo hilo nililishika miaka hamsini na tatu, na ndilo lililokaribia kunimaliza.

Sisemi haya ili unionee huruma. Hakuna mtu aliyenipa kitu. Johannesburg nilifika mwaka 2002, kijiti kile cha chuma kikiwa ndani ya suruali. Nililinda maduka Marshalltown, nikatengeneza jenereta za watu, nikaokota injini ya dizeli ya silinda moja kwenye vyuma chakavu na kuifufua mwenyewe. Niliifunga nyuma ya nyumba moja ya zamani hapa Bellevue, nyumba iliyokatwakatwa vyumba, yenye wapangaji wa kila nchi. Mwenye nyumba ni gogo mmoja, yaani bibi, mwenyeji wa hapa. Sisi tulikodi chumba cha nyuma na uwanja wake. Umeme wa nyumba hiyo haukuweza kuzungusha kinu changu, na siku nyingine haukuwepo kabisa. Injini yangu haikuuliza habari za umeme. Wakongo na Warundi wa hapa wanakula unga wa muhogo, na hakuna duka la kuwasagia. Walikuja kwangu. Watoto wangu wanne wamesomeshwa na kinu hicho.

Mafuta nayo nilikuwa na ujanja wangu. Kwenye vibanda vya kona wanakaanga vibanzi na magwinya, maandazi ya huku, na mafuta yakishakuwa meusi wanayamwaga. Mimi niliyachukua, nikayachuja kwa kitenge kikuukuu cha mke wangu, nikayachanganya na dizeli nusu kwa nusu. Uwanja ulinuka kama jikoni. Wapita njia walichungulia getini wakiuliza vibanzi ni bei gani.

Mwezi wa sita mwaka 2017 akaja inspekta wa hewa. Kijana mpole, jaketi linang'aa, viatu safi. Baridi ilikuwa imeingia, na kwenye baridi ya hapa moshi haupandi, unalala juu ya mabati kama blanketi.

"Baba, sikuja kugombana," akasema. "Lakini mashati ya shule ya nyumba ya pili yanaanikwa meupe, yanaanuliwa ya kijivu. Njoo uone."

Nilikataa kwenda kuona. Nilimwambia mashine yangu ina nguvu kuliko mashine yoyote kuanzia hapa mpaka Yeoville.

"Sijauliza nguvu," akasema.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Baada ya siku ishirini na moja atarudi na kipimo. Kipimo kina mstari. Moshi ukiupita mstari injini ikiwa kazini, anaifunga kwa lakiri, na kuivunja lakiri hiyo ni kesi. Gogo alikuwa amesimama kwenye ngazi za jikoni, akasikia yote. Inspekta alipotoka, gogo akaniambia, "Wakiifunga, mimi uwanja nitauhitaji. Mjukuu wangu anataka kuosha magari hapo." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo anavyoongea.

Basi hapo ujue kilichokuwa mezani: kinu, uwanja, na chumba tulichokuwa tunalala. Umri wangu miaka sitini na moja. Kurudi kulinda maduka ya watu na rungu, hapana. Nilichora chaki ishirini na moja kwenye mlango wa bati, na kila asubuhi nilifuta moja kabla sijanywa chai.

Siku ya kwanza nilirefusha bomba la moshi. Niliunga mabomba matatu mpaka likalipita paa. Moshi ukaruka nyumba ya pili, ukaangukia ya nne. Jioni wakaja watu wa nyumba ya nne.

Siku ya tano, foleni ikiwa ya wanawake saba hivi, aliingia msichana na mfuko wa ulezi. Akainamisha kichwa, "Shikamoo mzee." Kwetu salamu hiyo hatuna. Nikamjibu, "Jambo, mama," naye akatabasamu kwa adabu. Alikuwa Mtanzania, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Braamfontein. Nilipowasha injini hakurudi nyuma kama wengine. Alisogea mbele, akavuta hewa kwa pua.

"Mzee, haya si mafuta ya kula?"

"Wewe ni polisi wa jikoni?"

Wanawake wakacheka. Yeye naye akacheka, kisha akasema jambo lililonifanya nizime injini. Alisema ndicho anachokisomea, injini za dizeli zinazokunywa mafuta yaliyokwisha kukaangia. Pale chuoni wana injini moja, safi, ndani ya chumba chenye vioo, na haijawahi kusaga hata kilo moja ya kitu. Alitaka injini inayofanya kazi kweli.

Moja kwa moja nikajua ametumwa na inspekta. Nilimwambia hivyo usoni. Akafungua begi akanionyesha daftari lake, kurasa zimejaa namba, na kitambulisho cha chuo. Mimi sikusoma kitu hapo. Mke wangu alitoka chumbani, akakichukua kitambulisho, akasoma, akasema, "Ni mwanafunzi. Mwache afanye. Wewe una dawa nyingine?"

Sikuwa nayo.

Siku mbili baadaye alikuja na vyombo vya kuazima kwenye kikapu cha kusukuma. Kimoja kinaonja moshi mweusi. Kingine kinaonja gesi isiyoonekana, ile inayochoma macho hata bomba likionekana safi. Alikuwa na mzani na saa pia. Tulipanga mipangilio sita ya injini. Wa kwanza ulikuwa wangu, kama ulivyokuwa. Mingine mitano alibadilisha kiasi cha mafuta ya kukaangia, akabadilisha skrubu ya mafuta, akabadilisha vile vibati vyembamba vinavyokaa chini ya pampu, vinavyoamua mafuta yarushwe mapema au kwa kuchelewa. Mafuta ya kukaangia aliyaleta mengine, yaliyosafishwa chuoni kwa dawa, mepesi, si tope kama yangu. Kila mpangilio tulisaga gunia moja la mahindi, uzito uleule. Yeye anaandika, mimi nashika funguo. Kufanya kazi alijua. Alichafuka mpaka kwenye viwiko, hakulalamika.

Namba zilipokamilika nilimwambia, "Haya, niambie upi ni bora nikafunge boliti nilale."

"Hakuna ulio bora, mzee."

"Umefanya siku mbili hapa, halafu hakuna?"

"Wenye nguvu ndio wenye moshi. Wenye moshi kidogo una ile gesi nyingi. Unaokula mafuta kidogo kuliko yote ni mzito kwenye kazi. Ukibana hapa, panatokea pale. Sasa inabidi wewe useme kipi kina uzito kwako kuliko kipi, kisha hesabu ndiyo ipange upi wa kwanza mpaka wa sita."

Aliketi juu ya kreti la chupa, daftari kwenye magoti. Foleni ya wanawake ilikuwa inasikiliza, kwa sababu kinu kilikuwa kimezimwa na hawakuwa na kingine cha kufanya.

"Nitakuuliza viwili viwili. Unanipa namba, moja mpaka tisa. Moja, vinalingana. Tisa, hicho kimekishinda kingine kabisa. Tuanze. Nguvu na moshi?"

"Nguvu. Tano."

"Moshi na ulaji wa mafuta?"

Hapo nikamkumbuka inspekta. "Moshi. Tatu."

"Ulaji wa mafuta na nguvu?"

Hapo nikakumbuka bei ya dizeli kule kwenye kituo karibu na roboti, zile taa za barabarani. "Ulaji. Tatu."

Akapiga hesabu. Akapiga tena. Akanitazama kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Mzee wangu, majibu yako yanagongana. Umesema nguvu inaushinda moshi. Moshi unaushinda ulaji. Halafu ulaji unaishinda nguvu. Yanazunguka tu. Hesabu inayakataa."

Mtu aliyesoma akiambiwa hivyo anacheka, anarudia. Mtu ambaye darasa la pili hakulimaliza anasikia kitu kingine. Nilisikia: wewe mzee ni mwongo, au mjinga, na karatasi imekukataa mbele ya wateja wako. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema, "Eish, papa, leo umeanguka mtihani," na wote wakaangua kicheko.

Nilisimama. Nilimwambia binti yule kwamba nilikuwa ninasikiliza injini kabla mama yake hajazaliwa. Kwamba namba zake akazipeleke Braamfontein kwenye chumba chao cha vioo. Nikaiwasha injini akiwa bado anaongea, ili nisimsikie.

Alikusanya vyombo vyake polepole. Karatasi ya ile mipangilio sita aliiacha juu ya kreti, akaiwekea jiwe isipeperuke. Midomo yake ilisema kitu, labda kwaheri.

Chaki zilibaki kumi na mbili. Zikabaki kumi na moja. Nilifungua nozeli nikaisafisha, nikaifunga. Nilibadilisha mkanda. Nilifanya kila nilichokijua, na moshi ulitoka vilevile, mzito, unaonenepa kila gunia linapoingia. Mteja akiniita nilishtuka. Jaketi lolote linalong'aa likipita getini, hata la mfagia barabara, niliweka spana chini.

Zilipobaki tisa, mke wangu aliniita chumbani mchana. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake ilikuwa dirishani, mbele ya uwanja, miaka yote. Siku hiyo niliikuta imesogezwa upande wa kitanda, dirisha limefungwa, na pembeni ya dirisha ameziba kwa matambara.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka juzi."

Alikuwa ameshika kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Akakigeuza. Upande mmoja kilikuwa na vidoadoa kama kimenyunyiziwa pilipili manga.

"Hiki nimekirudia mara tatu. Sasa nisikilize, baba. Yule binti hakukuita mwongo. Alikuuliza wewe mmoja, mkajibu watu watatu. Kwenye nguvu alijibu fundi, anayetaka kusifiwa na foleni. Kwenye moshi alijibu mtu anayemwogopa inspekta. Kwenye mafuta alijibu mnunuzi wa dizeli. Kila mmoja alisema kweli yake, ndiyo maana hamkuelewana."

Nilikishika kitambaa kile, nikakisugua kwa kidole.

"Na nguvu hiyo unayoisifia," akasema, "mimi ninaikohoa kila asubuhi. Kwenye hesabu yenu hakuna aliyejibu kwa ajili yangu."

Kikohozi chake nilikuwa ninakisikia. Mimi ninayesikia nozeli iliyochoka kupitia kijiti cha chuma, kikohozi cha mke wangu nilikihesabu ni cha baridi. Hilo ninalisema kama lilivyo.

Sasa, kuomba msamaha mimi sijui, na uzeeni mtu hajifunzi. Lakini katika kazi yetu kuna desturi. Kila mteja akimaliza kusaga, unga kidogo hubaki ndani ya tumbo la kinu, kilo hivi au pungufu. Huo ni wa mwenye kinu, hauuzwi, hapewi mgeni. Ukimpelekea mtu unga wa tumbo la kinu, amejua ugomvi umekwisha, na hauulizwi tena. Nilikung'uta kinu, nikajaza mfuko, nikamkabidhi mke wangu. Alipanda basi mpaka Braamfontein.

Kesho yake binti akaja. Alikuwa ameupika unga ule na wenzake.

"Mzee, ugali wenu unavutika kama mpira."

"Ndiyo maana sisi hatushindwi mieleka."

Yakaishia hapo.

Siku hiyo aliniuliza swali ambalo hakuwa ameuliza mwanzo. Alivishika vile vibati vya chini ya pampu, akasema, "Hivi uliviweka kwa kufuata nini?"

"Kwa sikio."

"Na skrubu ya mafuta, kwa nini iko wazi hivi?"

Nikamweleza. Nilipoiwasha mara ya kwanza hapa Johannesburg injini ilikuwa dhaifu, haikuwa na sauti ya nyumbani. Kwa hiyo niliilisha. Haikutosha, nikailisha tena, mpaka nilipoipata sauti ninayoijua.

"Sauti ya Kalemie," akasema.

"Ndiyo. Sauti ya injini yenye afya."

"Mzee, ulipofika hapa mara ya kwanza, ukapanda ngazi na mzigo, ulijisikiaje?"

"Nilihema kama mbwa. Wiki mbili."

"Kwa nini?"

"Huku ni juu. Hewa nyepesi."

Niliposema hivyo na kinywa changu mwenyewe, nikaitazama injini yangu nikaona aibu. Kule kwetu ziwani ni chini, hewa imejaa. Hapa tuko juu sana. Injini haikuwa na njaa hata siku moja. Ilikuwa inakosa pumzi, na mimi miaka yote nilikuwa ninaisindilia chakula mdomoni. Mafuta yanaingia, hewa ya kuyachoma hakuna, yanatoka bombani meusi. Wenzangu kadhaa kutoka kandokando ya ziwa letu wanafunga jenereta hapa mjini, na wote tunafanya kosa hilohilo, kwa sababu wote tunaitafuta sauti moja. Mtu aliyejifunzia injini hapahapa hawezi kulifanya. Hana sauti ya kuikumbuka.

Tulirudia yale maswali. Safari hii mke wangu aliketi kwenye kreti la pili.

"Moshi na nguvu?"

Nikamtazama mke wangu. Akaangalia pembeni, hakunisaidia. "Moshi. Saba."

"Moshi na ulaji?"

"Moshi. Tano."

"Ulaji na nguvu?"

"Ulaji. Mbili."

Na ile gesi isiyoonekana tuliipa nafasi yake, chini ya moshi kidogo, juu ya ulaji. Mke wangu ndiye aliyeisemea hiyo. Binti akapiga hesabu, akainua kichwa.

"Hesabu imekubali. Wa kwanza ni mpangilio namba nne."

Nikachukua ile karatasi, nikapitisha kidole. Namba naweza kuzisoma. Mpangilio namba nne haukuongoza katika jambo lolote. Kwa nguvu ulikuwa wa nne. Kwa moshi wa pili. Kwa gesi wa tatu, kwa ulaji wa tatu. Skrubu ya mafuta imerudishwa mzunguko mmoja na nusu, kibati kimoja kimetolewa ili mafuta yarushwe mapema kidogo, na mafuta ya kukaangia yaliyosafishwa, sehemu moja kwa tano tu.

"Hii injini ni ya mtu asiye na msimamo," nikasema.

"Ni ya mtu asiyefungiwa," mke wangu akajibu.

Gunia lililokuwa linakwisha kwa dakika tisa likawa linakwisha kwa kumi na tatu. Foleni ilinung'unika. Yule mama wa mtihani akasema mashine ya papa imezeeka na mwenyewe. Nilimeza. Kibaya zaidi, binti aliniambia ukweli mwingine: moshi ulikuwa chini ya mstari, lakini kidogo tu, na kipimo chake ni cha zamani. Cha inspekta kinaweza kusema vingine. "Injini ikizidiwa na mzigo, mzee, moshi utaupita mstari. Usiilazimishe."

Chaki ya mwisho niliifuta siku ya Alhamisi. Niliwasha injini mapema ili ipate joto, maana ikiwa baridi inatoa moshi mweupe wa kutisha. Inspekta alikuja saa tatu. Gogo akatoa kiti chake jikoni akakaa kwenye ngazi. Mke wangu alisimama mlangoni mwa chumba, kitambaa cheupe begani, makusudi.

"Nataka ikiwa kazini, baba," inspekta akasema, akiingiza mrija wa kipimo kwenye bomba. "Saga kama siku zote."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mama wa mtihani. Nilimwaga gunia lake kwenye mdomo wa kinu, nikafungua kilango. Nikasikia kabla sijaona. Muhogo ule haukuwa umekauka. Ulikuwa mkavu nje, ndani una unyevu, na muhogo wa hivyo unanata kwenye nyundo za kinu kama udongo wa mfinyanzi. Sauti ikaanza kushuka. Injini ikaguna. Mkanda ukalia.

Miaka hamsini na tatu. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye skrubu ya mafuta. Sikuutuma. Vidole vilikuwa vimeshaigusa, robo ya mzunguko tu na sauti ingeinuka, foleni yote ingeona mzee bado ni fundi. Injini ilikuwa inakufa mbele ya wateja wangu, na inspekta ameinama juu ya kipimo, haangalii mkono wangu.

Mke wangu alikuwa anauangalia.

Niliutoa mkono pale nikautia mfukoni. Kwa mkono wa kushoto nikabana kilango cha kinu, muhogo ukaingia kidogo kidogo, kama unavyomlisha mtoto mgonjwa. Injini ikayumba. Ikapiga mara tatu kama inajiuliza. Kisha ikapata pumzi. Sauti haikuwa ya Kalemie. Ilikuwa nyembamba, ya juu, sauti ya kigeni, lakini ilikaa palepale.

Gunia lile lilichukua dakika ishirini. Hakuna aliyecheka. Jasho lilinitiririka kwenye baridi ile mpaka kwenye macho.

Inspekta aliuchomoa mrija, akatazama, akaandika, akatazama tena. Aliniwekea kipimo karibu na macho, lakini macho yangu hayakuona kitu. "Nisomee," nikamwambia. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia hivyo mtu wa serikali.

"Uko chini ya mstari, baba. Si kwa mbali. Lakini chini ni chini." Akakata karatasi. "Nitarudi kila mwaka. Sawa? Sharp?"

"Sharp."

Gogo akanyanyua kiti chake akarudi jikoni. Mke wangu aliingia chumbani, nikasikia matambara yanatolewa dirishani, moja moja, na cherehani inaburutwa sakafuni. Yule mama akauonja unga wake kwa kidole.

"Papa, umechelewa lakini ni laini."

"Kausha muhogo wako, mama," nikamwambia. "Nusura uniue."

Wapo wateja walionikimbia kwa sababu ya foleni. Waende. Inspekta amerudi mara mbili tangu hapo, na mara zote nimekaa chini ya mstari, na mara zote wiki nzima kabla ninachora chaki mlangoni. Hilo halijaniacha. Binti yule alimaliza masomo akarudi kwao. Katika kitabu chake cha chuo waliulizwa wataalamu watatu kuhusu uzito wa nguvu, moshi, gesi na ulaji. Wawili ni maprofesa. Majina hayakuandikwa, ni namba tu. Mtaalamu wa tatu ni mimi.

Leo, mwaka 2019, nina miaka sitini na mitatu. Nilivyo navyo ni hivi. Injini moja ya dizeli, mpangilio namba nne. Kinu kimoja cha nyundo. Cherehani mbili za mke wangu, zote dirishani. Pipa moja la kusafishia mafuta ya kukaangia, dawa yake ninaichanganya mwenyewe. Bomba la moshi, fupi, vipande viwili vya ziada nimeviuza. Karatasi tatu za inspekta. Nakala moja ya kitabu cha yule binti, siwezi kukisoma, ukurasa wangu ninaujua. Kijiti cha chuma. Uwanja si wangu, ni wa gogo. Na skrubu moja ya mafuta, ambayo nimeikata kichwa kwa msumeno, isishikike kwa mkono.